Pa-, Ku- na Mu-: Ugomvi wa Mahali katika Mchezo wa Pokémon GO

1. Swali Lenyewe

Mwenye kukijua Kiswahili hasemi ovyo juu ya mahali. Akisema, "Hapa pana nyoka," ameonyesha nukta moja ambayo mtu aweza kuielekezea kidole. Akisema, "Huku kuna nyoka," hakuonyesha nukta bali upande, na msikiaji hana budi kujihadhari katika mwendo wake wote. Akisema, "Humu mna nyoka," amesema juu ya undani wa kitu, kama vile nyumba, shimo au kichaka. Nyoka ni yule yule, na huenda hata alipolala ni pale pale. Walakini yamesemwa mambo matatu mbalimbali, na kila moja lamtaka msikiaji afanye tendo jingine. E. O. Ashton, katika sarufi yake iliyotolewa mwaka 1944, alizieleza ngeli hizi kwa maana ya mahali maalumu, mahali pasipo mpaka maalumu, na undani. Tangu hapo maelezo hayo yamekuwa mali ya kila darasa la sarufi.

Aghalabu tofauti hii hufundishwa kama jambo la upatanisho wa viambishi tu, nayo huishia katika mazoezi ya wanafunzi. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba yaweza kufanya kazi kubwa zaidi. Mnamo Julai 2016 mchezo wa simu uitwao Pokémon GO ulienea duniani kwa kasi, na watu wa nchi nyingi wakaulalamikia: wenye makaburi, wenye makanisa, maulamaa, askari, wenye nyumba, na mabaraza ya miji. Lawama hizo zilitangazwa kama habari nyingi zisizohusiana, moja ya kuchekesha, moja ya kusikitisha. Lakini zikipangwa kwa pa-, ku- na mu-, yaonekana kwamba zilikuwa ugomvi mmoja, na uliogombewa ni uwezo wa kusema mahali fulani ni mahali gani.

Mifano ya lugha imetolewa katika Kiswahili na katika Runyambo, lugha ya wenyeji wa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, iliko kata ya Rugu. Sababu za kuchagua upande huo ni mbili. Kwanza, Runyambo huonyesha namna ya mahali mwanzoni mwa jina lenyewe, jambo ambalo Kiswahili kimeliachia upatanisho. Pili, nchi ya vijiji kama hiyo ya Rugu ni katika zile ambazo ramani za simu huzifikia mwisho. Kwa hiyo swali lililowakuta wengine ghafula laweza kujibiwa huko kwa taratibu, nao wenyeji wakawa ndio wajibuji.

2. Mchezo Ulivyo

Yafaa kwanza ielezwe jinsi mchezo unavyofanya kazi. Mchezaji huchukua simu yake na kutoka nje. Simu hupokea ishara za setilaiti na kupiga hesabu ya longitudo na latitudo ya pale aliposimama. Kwenye kioo chake huonekana ramani ya njia halisi, na katika ramani hiyo huzuka viumbe wa kubuni. Mchezaji akimkaribia kiumbe kwa miguu yake mwenyewe aweza kumnasa. Na akiifungua kamera, kiumbe huonekana kana kwamba amesimama juu ya majani au ngazi zilizo mbele yake. Tena viko vituo vya kuchukulia zana, na viwanja vya mapambano. Hivyo havikuwekwa ovyo, bali vimefungwa na vitu halisi: sanamu, kisima, kanisa, ubao wa kumbukumbu, mnara.

Mchezo huu uliundwa na kampuni ya Niantic, iliyoongozwa na John Hanke. Yapasa ikumbukwe kwamba kabla ya hapo Hanke alikuwa mkuu wa kampuni ya Keyhole, ambayo ilinunuliwa na Google mwaka 2004, na kazi yake ndiyo iliyozaa Google Earth mwaka 2005. Yaani mchezo ulitoka mikononi mwa watengeneza ramani. Ulitolewa kwanza Marekani, Australia na New Zealand mnamo tarehe 6 Julai 2016, na kufika Septemba mwaka huo ulikuwa umekwisha pakuliwa zaidi ya mara milioni 500.

Viumbe wenyewe ni wa zamani kuliko mchezo huo. Pokémon walianza Japani mwaka 1996, na mbuni wao, Satoshi Tajiri, ameeleza kwamba wazo lilimjia kwa sababu utotoni alikuwa akikusanya wadudu. Mtu wa Kagera hataona ajabu katika habari hiyo. Majira ya senene yanapofika, watoto kwa wazee hutoka kuwakamata, na usiku watu hukusanyika penye taa. Hakuna awaitaye wazimu. Majira yajulikana, mahali pajulikana, na kinachokamatwa huliwa, huuzwa au hupewa jirani. Basi lililowashtua watu mwaka 2016 halikuwa mtu mzima kukimbilia mdudu. Sababu yake haina budi kutafutwa kwingine.

3. Majina ya Ugonjwa

Neno la kwanza lililowajia wengi lilikuwa jina la ugonjwa. Mchezo ulisemwa kuwa ni homa, kichaa, wazimu, uraibu. Kwa desturi ya lugha, majina kama haya huliweka jambo ndani ya mwili wa mtu: mgonjwa ndiye mwenye kasoro, na mahali alipo hapaulizwi.

Mkoa wa Kagera una mfano wake maarufu wa jambo hili. Mnamo tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana huko Kashasha, kicheko kisichozuilika kiliwashika wanafunzi watatu, kisha kikaenea hata kikawapata 95 kati ya 159. Shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Wasichana waliporudi makwao, kicheko kikazuka Nshamba na kwingineko. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, walisema kwamba wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka, au kwa neno moja akajanja, yaani wazimu. Hakikupatikana kijidudu wala sumu katika chakula. Wataalamu waliolitazama jambo hilo baadaye walielekeza macho yao kwenye hali ya shule zenyewe na shida za wasichana waliokuwamo. Yaani jina la ugonjwa lilikuwa limelificha swali la mahali.

Si kwamba mambo haya mawili ni sawa. Kicheko cha Kashasha kilikuwa mateso, na Pokémon GO ni mchezo. Yanafanana katika jinsi yalivyoitwa tu. Aliyesema mwaka 2016 kwamba watu wamepatwa na wazimu alijiondolea kazi ya kueleza ni wapi hasa walipokosea, na kwa nini pale na si pengine. Walioeleza walitumia lugha nyingine, nayo ndiyo ya kuchunguzwa.

4. Lawama za Mu-

Lawama zilizokuwa na uzito mkubwa kuliko zote zilikuwa za undani. Mwezi ule ule wa Julai 2016, Jumba la Kumbukumbu la Mauaji ya Wayahudi mjini Washington na makaburi ya taifa ya Arlington waliwataka wageni wao wasicheze humo. Kumbukumbu ya Auschwitz nchini Poland ilitoa ombi kama hilo. Mji wa Hiroshima uliomba viumbe na vituo viondolewe katika bustani ya amani kabla ya ibada ya tarehe 6 Agosti, siku ya kuwakumbuka waliouawa kwa bomu la mwaka 1945, navyo vikaondolewa. Nchini Kambodia, mwezi huo huo wa Agosti, wachezaji walikatazwa kuingia na mchezo wao Tuol Sleng, gereza la zamani la Khmer Rouge ambalo sasa ni makumbusho ya mauaji ya halaiki.

Mahali pengi katika hapo hapana paa wala kuta. Arlington ni uwanda wa majani. Bustani ya Hiroshima iko wazi, na watu hupita. Hata hivyo lawama zote zilikuwa za namna ya mu-. Hili laonyesha kwamba mu- haitaki kuta, yataka kilichomo. Tukio la mahali, na wafu wa mahali, huwa yaliyomo. Ndiyo maana msemaji wa Kiswahili aweza kuuliza juu ya makaburi, "Makaburini mna nani?" wala asipate jibu lile lile ambalo angelipata kama angaliuliza, "Makaburini pana nani?" Swali la pili laweza kujibiwa kwa kuwataja watu waliosimama hapo. La kwanza lawataka waliozikwa.

Mtu wa Kagera hahitaji kwenda Hiroshima ili alielewe jambo hili. Mto Kagera, upitao mpakani mwa Karagwe na Rwanda, mwaka 1994 ulichukua maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari hata Ziwa Victoria. Katika ramani mto ni mstari wa buluu. Kwa waliokuwa kando yake mwaka ule, mna jambo humo, wala mstari hauwezi kulisema.

Mfano wa Urusi ulikuwa mkali zaidi. Mnamo Agosti 2016 kijana mmoja, Ruslan Sokolovsky, alicheza ndani ya kanisa lililojengwa Yekaterinburg mahali alipouawa mfalme Nicholas II pamoja na jamaa yake mwaka 1918, akaitangaza picha ya tendo lake. Alishtakiwa kwa kuzikashifu hisia za waumini na kuchochea chuki, na mnamo Mei 2017 akahukumiwa miaka 3 na nusu, kifungo kilichoahirishwa. Wengi walioona hukumu kuwa ni ya kupita kiasi hawakusema kwamba kanisa ni sawa na barabara. Ubishi wao ulikuwa juu ya adhabu.

Kiswahili kina desturi inayofungamana na mu-, nayo ni hodi. Mtu hapigi hodi barabarani wala sokoni. Hupiga hodi pale ambapo akipita mpaka atakuwamo. Na hodi haiishii kwa mgeni kuitamka, bali hungoja karibu ya mwenyeji. Lawama zote za sehemu hii zaweza kuelezwa kwa neno hilo: watu waliingia pasipo hodi, na hawakujua kwamba wameingia, maana simu ziliwaambia tu kwamba wamefika.

5. Lawama za Ku-

Namna ya pili ilihusu mwendo. Nchini Bosnia, ambako mabomu ya ardhini ya vita vya 1992–1995 yalikuwa hayajakwisha kuondolewa, shirika moja liliwaonya wachezaji mwezi Julai 2016 kwamba walikuwa wakiingia katika maeneo ya hatari huku macho yao yako kwenye simu. Ubao wenye kuonya juu ya mabomu hausemi, "Hapa pana bomu". Angekuwapo ajuaye hivyo, bomu lingeondolewa. Wasema, "Huku kuna mabomu." Ni neno la ku- tupu, na mchezo hauna njia ya kulitamka, kwa kuwa kila kilichomo katika ramani yake kina nukta yake.

Huko Misri, Abbas Shuman, naibu mkuu wa Al-Azhar, aliwafananisha wachezaji na walevi njiani. Ufananisho huo wastahili kutazamwa. Mlevi hakosi kuwa mahali fulani. Kila dakika ana nukta yake. Alichopoteza ni mwelekeo, yaani hajui kule aendako wala wale anaokutana nao. Iran iliupiga mchezo marufuku Agosti 2016 kwa sababu za usalama. Kuwait haikufika huko, bali Wizara ya Mambo ya Ndani iliwaonya watu wasielekeze kamera kwenye majumba ya watawala, misikiti na mitambo ya mafuta. Neno "kuelekeza" lenyewe lina ku- ndani ya maana yake: kosa laweza kufanywa na mtu aliye mbali, ambaye hajafika wala hajaingia.

Haki yataka isemwe kwamba sifa za mchezo nazo zilikuwa za ku-. Watu walisifu kwamba vijana wametoka majumbani, wanatembea, wanaonana na wageni. Uchunguzi uliofanywa kwa vijana wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, ulionyesha kwamba katika juma la kwanza wachezaji waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku; lakini kufika juma la sita nyongeza hiyo ilikuwa imekwisha. Waliokwenda walirudi.

6. Lawama za Pa-, na Majibu Yake

Namna ya tatu ni ya nukta yenyewe. Katika mji wa Holyoke, Massachusetts, mtu mmoja alikuwa akikaa katika nyumba iliyokuwa kanisa zamani. Mchezo ulikuwa umeihesabu kuwa kanisa bado, ukaifanya uwanja wa mapambano. Watu wakaanza kusimama mbele ya mlango wake saa zote. Huu ni mfano safi kwa mwanasarufi: pa- haikubadilika hata kidogo, ilhali mu- ilikuwa imebadilika kabisa. Kwingineko wenye nyumba walikwenda mahakamani. Kesi zao ziliunganishwa, nazo zikaisha kwa mapatano mwaka 2019. Miongoni mwa masharti, kampuni ilikubali kuyashughulikia haraka malalamiko ya mwenye nyumba ambaye kituo au uwanja uko ndani ya meta 40 kutoka mali yake.

Katika jimbo la Wisconsin, Baraza la Milwaukee lilijaribu njia nyingine. Baada ya bustani yake moja kujazwa na wachezaji mwaka 2016, lilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba mchezo wa namna hii upate kibali kwanza ndipo uchezwe katika bustani za umma. Kwa maneno mengine, Baraza lilitaka hodi. Mwezi Julai mwaka huo huo mahakama iliizuia sheria hiyo isitumike, kwa sababu iligusa uhuru wa kusema.

Yatazamwe sasa majibu yote kwa pamoja. Waliolalamika juu ya waliomo walijibiwa kwa kuondolewa nukta. Wenye nyumba walijibiwa kwa meta 40. Kampuni iliweka fomu ambayo mtu hutaja kituo asichokitaka, nacho hufikiriwa kimoja kimoja. Kila lawama, iwe ya mu- au ya ku-, iligeuzwa kwanza kuwa ya pa- ndipo ikajibika. Labda njia nyingine haikuwapo, maana mtambo wajua kupima nukta tu. Walakini ndiyo sababu walalamikaji wengi walipewa walichoomba wasiridhike: jibu lilikuwa la swali jingine.

7. Mahali Pasipo na Nukta

Hata sasa yamesemwa malalamiko ya wale waliokuwa na vituo kupita haja. Wako pia wasiokuwa navyo. Vituo vya Pokémon GO vilitokana kwa sehemu kubwa na mchezo wa Niantic uliotangulia, Ingress, ulioanza mwaka 2012, ambao wachezaji wake wenyewe walipendekeza mahali pa kuwekwa alama. Penye wachezaji wengi alama zikawa nyingi. Pasipo wachezaji, hapakuwa na wa kupendekeza. Mjini Washington, uchunguzi wa Urban Institute wa mwaka 2016 ulihesabu wastani wa vituo 55 katika mitaa yenye wakazi wengi weupe, na 19 katika mitaa yenye wakazi wengi weusi. Ikiwa mji mmoja umegawanyika hivyo, mashamba ya migomba na kahawa ya Karagwe yangetegemea nini?

Mwezi Desemba 2017 mchezo uliacha kutumia ramani ya Google ukachukua ya OpenStreetMap, ambayo ilianzishwa mwaka 2004 na huchorwa na watu wa kujitolea. Hapo ndipo jambo hili lilipoikaribia nchi kama Rugu. Katika Tanzania, kazi ya kuchora ramani hiyo ilikwisha anza kwa sababu zisizohusu mchezo: Ramani Huria tangu 2015 mjini Dar es Salaam kwa ajili ya mafuriko, na Crowd2Map, pia tangu 2015, vijijini, ili wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa. Njia ya kazi yenyewe ina fundisho kwa mwanaisimu. Mtu aliye Ulaya huitazama picha ya setilaiti na kuchora kila paa na kila njia. Awezalo kuchora ni lile linaloonekana kutoka juu. Jina halionekani kutoka juu. Jina hutoka kwa mwenyeji, naye hana budi kuulizwa.

Na majina ya Karagwe, yakiulizwa, hujibu mengi. Katika Runyambo, kama ilivyoelezwa na J. M. Rugemalira katika sarufi yake ya mwaka 2005, kazi ya kuonyesha mahali hufanywa mwanzoni mwa jina, hasa na aha na omu. Aha ni ndugu wa pa- ya Kiswahili, kwa kuwa p ya asili katika Runyambo imekuwa h. Omu ni ndugu wa mu-. Enju ni nyumba. Aha nju ni penye nyumba, omu nju ni ndani yake. Kiswahili cha leo husema "nyumbani" kwa yote, na tofauti hujitokeza baadaye tu: nyumbani pake, nyumbani kwake, nyumbani mwake. Ndiyo maana majina kama Forodhani na Shangani mjini Unguja hayasemi yenyewe kama ni ya pa-, ya ku- au ya mu-. Majina ya Karagwe husema. Omurushaka, mji mdogo wenye njia panda, una omu- mwanzoni. Ahakishaka lina aha-. Shina -shaka katika yote mawili ni lile lile lililo katika kichaka cha Kiswahili. Waliotoa majina hayo walitofautisha kuwamo kichakani na kuwa penye kichaka, na tofauti hiyo imebaki katika jina hata baada ya kichaka kufyekwa.

Msemaji wa Kiswahili asiyejua Runyambo husema, "huko Omurushaka," au, "mjini Omurushaka," akaongeza mahali juu ya mahali. Hilo si kosa. Ndivyo lugha zinavyopokeana. Kosa huja pale ambapo mchora ramani, akijua kidogo tu, huiona omu- kuwa ni kiambishi kisicho na kazi akaikata, au huandika jina kwa jinsi alivyolisikia mara moja. Jina likiisha kuingia ramanini katika umbo hilo, hunakiliwa na simu zote, kisha na vibao vya barabara, kisha na watoto wa shule.

Hatari hii si ya kuwaza tu. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchini kote. Barabara na njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na vijiji vikahusishwa kama miji. Kwa upande mwingine, mwezi Novemba 2024 Niantic ilieleza kwamba ilikuwa ikijenga mtambo mkubwa wa kuitambua dunia kwa kutumia picha za mahali zilizopigwa na watumiaji wa programu zake, wakiwamo wachezaji waliokubali kupiga picha hizo. Mwaka 2025 michezo yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya Scopely, na kazi ya ramani ikabaki kwa kampuni mpya iitwayo Niantic Spatial. Mchezo umekwenda upande mmoja na mahali pamekwenda upande mwingine. Kilichokusanywa kwa mchezo sasa ni chombo cha kazi.

8. Kazi Inayowangoja Wanaisimu

Katika mambo haya mwanaisimu hana amri juu ya kampuni wala juu ya wachezaji. Ana kazi yake mwenyewe, nayo ni ndogo kuliko sheria, lakini hakuna mwingine atakayeifanya.

Kwanza, majina ya mahali katika kata kama Rugu yaandikwe yakiwa kamili, pamoja na aha- na omu- zake, na maana yake iandikwe kando. Isitoshe kuandika jina la kijiji. Yaandikwe majina ya vilima, chemchemi, vivuko na viwanja vya zamani, maana hayo ndiyo yanayosahauliwa kwanza. Pili, mwenyeji aulizwe maswali matatu badala ya moja: hapa panaitwaje, huku kunaendewaje, na humu mna nini. Swali la tatu laweza kupata jibu ambalo halifai kutangazwa, kwa mfano mahali pa wafu au pa matambiko. Basi liandikwe kwa idhini, au lisiandikwe. Tatu, walimu wanaofundisha ngeli za mahali watoe mifano iliyo hai. Mwanafunzi aliyekwisha fahamu kwa nini watu wa Hiroshima walilalamika hatazichanganya tena pana na mna katika mtihani.

Haijulikani mchezo ujao utakuwa gani, wala utaitwaje. Lakini utataka ramani, na ramani itataka majina. Huenda atakayekuja kuuliza Rugu akawa amebeba chombo kinachojua kupima nukta hata kwa sentimeta. Yafaa akute daftari lililokwisha andikwa, na mzee wa kumkaribisha akipiga hodi.